Wasiwasi Uliogeuka Ugonjwa

Kurasa hizi za Kiswahili kwa kawaida huwa na habari za mpira, safari ya kupanda Mwamba wa Tororo, au mawaidha juu ya mitihani. Leo naomba niandike juu ya ugonjwa. Nimeomba ruhusa kwa Mwalimu wa Kiswahili na kwa Padre wetu, nao wote wawili wamekubali, ingawa mwenye ugonjwa huo ni mimi mwenyewe.

Nitaanza na kufuli.

Kila mwanafunzi wa bweni ana sanduku la bati, na kila sanduku lina kufuli. Katika muhula wa kwanza wa Kidato cha Tano nilianza kuamka baada ya taa kuzimwa, nikaenda kulitazama kufuli langu. Kulitazama kufuli si kosa. Asiyefunga sanduku lake asilaumu mwizi. Lakini mimi sikutazama mara moja. Nililivuta mara nne, nikarudi kitandani, nikajifunika, na kabla sijapata joto moyo ukaniuliza, "Je, una hakika?" Nikaamka tena, nikavuta mara nne. Nikikosea hesabu, naanza upya. Usiku mwingine niliamka mara ishirini, usiku mwingine mara thelathini. Mikono yangu ilijua kwamba limefungwa, macho yangu yalijua, ila moyo haukukubali.

Tena jambo lililonitesa zaidi si wizi. Liliniingia wazo kwamba nisipolivuta mara nne kamili, mama yangu atagongwa na lori. Mama huuza omena sokoni Busia, upande wa Kenya, na huvuka mpaka mara nyingi kwa bodaboda. (Neno hilo la bodaboda, kama wengi wenu mjuavyo, lilizaliwa hapa hapa mpakani kwetu, wakati baiskeli zilipokuwa zikivusha abiria kutoka upande mmoja hadi wa pili.) Nilijua kabisa kwamba kufuli lililoko shuleni haliwezi kusimamisha lori lililoko Busia. Nilijua, na bado niliamka.

Kitanda cha jirani alilala rafiki yangu, kijana mpole wa Kiteso. Ili mimi nipate kulala, naye apate kulala, alianza kunijibu gizani, "Limefungwa, ndugu yangu. Nimeliona." Mwanzoni jibu moja lilitosha. Baadaye yalihitajika matano, baadaye kumi na tano. Sote wawili tulidhani ananisaidia. Nitalirudia jambo hili mbele, maana ndilo kubwa kuliko yote ninayotaka kusema.

Basi ugonjwa huu ni nini? Madaktari huuita kwa herufi tatu, OCD. Kwa lugha yetu twaweza kusema ni ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo ya kulazimika. Una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni wazo, au picha, au shaka, inayoingia akilini bila kualikwa na kukataa kutoka. Mwenyewe halipendi wazo hilo. Humtisha na kumwaibisha. Sehemu ya pili ni tendo analolifanya ili hofu ipungue: kunawa, kukagua, kuhesabu, kupanga vitu, kuuliza, kuomba msamaha, au kurudia sala. Matendo mengine hufanyika kichwani tu, wala jirani hayaoni. Mtu amekaa darasani kimya, mwalimu adhani anasikiliza, kumbe anarudia maneno fulani mara saba moyoni mwake, na somo lote limempita.

Wako wanaoogopa uchafu na maradhi, na hao hunawa mpaka ngozi inachubuka. Wako wanaoogopa kwamba wameacha mlango wazi au moto jikoni. Wako wasioweza kuanza kazi mpaka daftari na kalamu vimekaa sawasawa. Na wako wanaojiwa na mawazo wasiyothubutu kuyataja: kumtukana Mungu wakati wa Misa, au kumdhuru mtoto wanayempenda. Hawa wa mwisho huteseka sana, kwa sababu hudhani kwamba mwenye wazo baya ni mtu mbaya. Sivyo. Wazo lile linawachoma kwa sababu ni kinyume cha moyo wao. Mimi nilikuwa na kufuli, kisha baada ya miezi michache nikapata na hilo la Misa.

Hapa msomaji atauliza, "Mbona hata mimi hurudi kutazama kufuli? Nami ni mgonjwa?" Jibu ni kwamba pengine hapana. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza matokeo ya kuwauliza wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13 za mabara sita. Wanafunzi 94 kati ya kila 100 walisema kwamba katika miezi mitatu iliyopita wamewahi kujiwa na wazo baya au la ajabu bila kulitaka. Kwa hiyo wazo lenyewe si ugonjwa. Kwa watu wengi hupita kama mpita njia. Kwa mgonjwa wazo hilo hilo hupewa kiti, hukaguliwa, huulizwa limetoka wapi, nalo likiisha kukaribishwa namna hiyo haliondoki. Kipimo kimoja wanachotumia madaktari ni muda: ikiwa mawazo na matendo hayo yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanamtesa mtu na kuharibu kazi yake, basi yafaa atafute tiba. Mimi nilipojipima kwa saa ya bweni, nilikuta yananila saa mbili na nusu, na huo ulikuwa muda wa kusoma na kulala.

Wengine husema kwamba mtu wa namna hii ni mpenda usafi tu, au mtu mwangalifu. Sisi watu wa mpakani tuna njia nzuri ya kuona tofauti. Wakati wa korona mwaka 2020 shule zilifungwa pande zote mbili, na za Uganda zikakaa bila kufunguliwa kwa wote mpaka Januari 2022. Madereva wa malori walipimwa Busia na Malaba, na foleni za malori zikawa ndefu ajabu. Kila duka likaweka debe lenye bomba na sabuni mlangoni. Tuliambiwa tunawe kwa sekunde 20. Ule ulikuwa uangalifu wa haki: hatari ilikuwako, kanuni ilikuwako, na sekunde 20 zikiisha mtu alikwenda zake. Mgonjwa hana sekunde ya 20. Hunawa, akamaliza, akatilia shaka kama amenawa, akanawa tena. Mikono ni safi toka zamani, kisichopatikana ni ile hali ya moyo kusema, "Yatosha."

Mfano mwingine ni mpaka wenyewe. Kaka zetu wa zamani wanakumbuka jinsi lori lilivyosimama upande mmoja likakaguliwa, kisha likavuka na kukaguliwa tena upande wa pili. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, kiliondoa usumbufu huo: lori husimama mara moja, katika nchi linayoingia, likapigwa mhuri na kwenda. Sasa fikirini afisa anayepiga mhuri, kisha akasahau jinsi mhuri unavyoonekana. Anaitazama karatasi, anauona mhuri, ila hauamini. Anamrudisha dereva kwenye foleni. Dereva akifika tena, mambo ni yale yale. Lori halina kosa, karatasi hazina kosa. Kosa ni kwamba mhuri haumtoshi yule afisa. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyokuwa.

Na wataalamu wamechungulia humo kichwani kwa mitambo yao. Wameona kwamba katika ugonjwa huu kuna njia ya mawasiliano ndani ya ubongo, kutoka sehemu ya mbele iliyo juu ya macho, kwenda kwenye viini vilivyo ndani kabisa, na kurudi, ambayo hufanya kazi kupita kiasi. Ni kama king'ora kinacholia wakati hakuna moto. Mwaka 1992 madaktari wa Los Angeles, Marekani, walionyesha jambo la kutia moyo: wagonjwa waliopata nafuu, wengine kwa dawa na wengine kwa mazoezi tu bila dawa, ubongo wao ulionyesha badiliko la namna moja katika mojawapo ya viini hivyo. Maana yake mazoezi si maneno matupu. Hufika mpaka kwenye ubongo.

Ugonjwa huu hutokea zaidi katika jamaa ambazo tayari yuko mwenye kuugua, ingawa si lazima. Huwapata wanaume na wanawake, matajiri na maskini. Hesabu zilizofanywa katika nchi mbalimbali zinaonyesha mtu 1 mpaka 3 kati ya kila 100 huupata katika maisha yake. Mara nyingi huanza utotoni au katika ujana, kabla ya miaka 25. Tuchukue shule yenye wanafunzi 600: kwa hesabu hiyo wanaweza kuwa sita, au kumi na wawili, au hata kumi na wanane. Mimi nilidhani niko peke yangu duniani.

Wako pia wasemao kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, au ya vijana wa siku hizi walioharibiwa na simu. Nawaomba walitazame neno letu wenyewe, wasiwasi. Neno hili tumelipata kutoka Kiarabu, na asili yake ni mnong'ono, yaani sauti ndogo inayomnong'oneza mtu shaka moyoni. Waislamu wa pwani wanamjua sana mtu wa wasiwasi wa udhu, ambaye hurudia kutawadha kwa kuogopa kwamba maji hayakufika mahali fulani, mpaka wenzake wamekwisha sali. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mtaalamu mmoja, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaweka humo mlango mzima juu ya mawazo haya yanayonong'ona. Alimshauri mwenye kuyapata asikae peke yake wala bila kazi.

Na Wakristo nao wana habari zao. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, alipokaa Manresa katika nchi ya Hispania mnamo mwaka 1522, alisumbuliwa na mashaka kwamba hakuungama vizuri. Aliungama, akarudi, akaungama tena yale yale, wala hakupata amani. Alisali saa nyingi, akafunga chakula, na taabu ikamlemea hata akajiwa na wazo la kujiua. Baadaye aliacha kuyarudia makosa ya zamani, akapona, akaanzisha shirika la Wajesuiti. Wazungu huita mashaka ya namna hii kwa neno la Kilatini lenye maana ya kijiwe kidogo chenye ncha. Nimelipenda neno hilo. Mwamba wa Tororo kila mtu anauona akiwa mbali, lakini kijiwe kilichomo kiatuni mwako hakuna akionaye ila wewe unayechechemea.

Habari hiyo ya Mtakatifu Ignasi niliipata kwa Padre wetu. Nilikuwa nimekwenda kuungama mara tano katika juma moja, jambo lile lile la mawazo ya Misa. Mara ya tano aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, unalala?" Nikalia. Akaniambia, "Hii si dhambi, ni ugonjwa. Usirudi tena kwangu kuungama jambo hili. Ukija nitakufukuza, na nitafanya hivyo kwa sababu nakupenda." Kisha akaandika barua, akanipa niende hospitali.

Lakini kabla ya hospitali tulipita njia nyingine, nami sitaificha kwa sababu najua wengi huipita. Likizo ilipofika, shangazi yangu anayekaa Sofia, upande wa Uganda, alisema nimerogwa na mtu mwenye wivu juu ya masomo yangu. Mama aliuza mbuzi, na fedha zikaenda kwa mganga mmoja. Alinipa majani ya kunawia kila asubuhi na jioni, na maneno ya kusema wakati wa kunawa. Simcheki shangazi yangu, maana alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini kumpa mgonjwa wa namna hii jambo jingine la kunawa na maneno mengine ya kurudia ni kumwongezea kazi. Nilirudi shuleni nikiwa na kufuli, na Misa, na majani pia.

Hospitalini nilipokelewa na afisa wa kliniki aliyesomea magonjwa ya akili. Maafisa wa namna hii hufundishwa Butabika, ile hospitali kubwa ya Kampala iliyofunguliwa mwaka 1955, na wengine wanafanya kazi katika hospitali za wilaya. Upande wa Kenya hospitali ya magonjwa ya akili ya zamani kuliko zote ni Mathari ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1910. Watu wakisikia majina hayo mawili hucheka au huogopa. Nami niliogopa. Nilidhani nitafungiwa. Kumbe nilikalishwa kwenye kiti, nikaulizwa maswali kwa adabu, na jioni ile nikarudi bweni.

Yule afisa aliniuliza swali ambalo limebaki nami: "Ukilikagua kufuli, hofu inapungua kwa muda gani?" Nikasema, "Labda dakika mbili." Akasema, "Basi sikiliza. Umepata kuona askari kizuizini anayepewa chai? Ukimpa leo, anakupisha. Kesho anakusimamisha tena, kwa sababu amejifunza kwamba wewe hutoa. Hofu yako ni askari yule. Kila ukilivuta kufuli unampa chai. Anakuachia dakika mbili, kisha anarudi." Nikaelewa siku ile kwamba tendo nililodhani ni dawa ndilo chakula cha ugonjwa.

Tiba ya mazoezi hutoka katika fahamu hiyo. Mwaka 1966 mtaalamu mmoja wa London, Victor Meyer, aliandika habari za wagonjwa wawili ambao walisaidiwa kukikabili kitu wanachokiogopa, huku wakizuiwa kufanya lile tendo la kutuliza hofu. Walipata nafuu. Tangu hapo tiba hii imejaribiwa katika nchi nyingi, na zaidi ya nusu ya wale wanaoimaliza hupata nafuu kubwa. Haifanywi kwa ghafula wala kwa nguvu. Hufanywa kama kupanda ngazi, kidato kimoja baada ya kingine, pamoja na mtu aliyefundishwa.

Ngazi yangu ilikuwa hivi. Kwanza, nilivute kufuli mara moja tu, nirudi kitandani na kukaa na hofu yangu bila kuamka. Pili, nilivute mara tatu kwa makusudi, si nne, ili niivunje ile hesabu. Tatu, nilifunge na nisilivute kabisa. Nne, mwanafunzi mwingine alifunge, nami nisitazame. Tano, sanduku lilale wazi. Tena kwa ajili ya lile wazo la lori niliandika kwenye karatasi, "Huenda mama akagongwa leo, nami sina la kufanya," nikaisoma karatasi hiyo kila jioni kwa dakika nyingi. Mnaona ni jambo la ukatili? Nami niliona hivyo. Siku ya kwanza mikono ilitetemeka. Siku ya kumi nilisoma huku nikipiga mwayo. Maneno yalikuwa yale yale, ila yamekuwa maneno tu. Hofu ikiachwa bila kulishwa hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Na hata isiposhuka upesi, mtu hujifunza kwamba anaweza kuichukua.

Zipo na dawa za vidonge. Klomipramini ni mojawapo ya zile za zamani, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwa ajili ya ugonjwa huu katika orodha yake ya dawa za lazima. Nyingine itumikayo sana ni fluoksetini. Dawa hizi hazifanyi kazi siku moja kama zile za kichwa kuuma; huenda zikataka majuma 8 mpaka 12 kabla mtu hajaona faida yake yote. Kwa hiyo asizinunue mtu dukani kwa kubahatisha, wala asiziache ghafula bila kumwuliza daktari.

Sasa nalirudia jambo la rafiki yangu. Afisa wa kliniki aliniambia nije naye. Tulipoketi, alimsifu kwa wema wake, kisha akamwambia, "Kila ukimjibu kwamba kufuli limefungwa, unampa askari chai kwa niaba yake." Rafiki yangu aliinamisha kichwa. Alikuwa amekosa usingizi muhula mzima kwa ajili yangu, na sasa aambiwa kwamba majibu yake yamekuwa yakiulisha ugonjwa. Akauliza, "Basi nimwambie nini?" Akafundishwa kusema hivi: "Ni ugonjwa unaouliza, ndugu yangu. Ugonjwa siujibu. Lakini niko macho pamoja nawe."

Usiku ule nilimwuliza. Akanijibu vile vile alivyofundishwa. Nikamwuliza tena, nikambembeleza, mwishowe nikamwita adui. Hakujibu juu ya kufuli, wala hakugeukia ukutani. Nilimchukia kwa muda wa siku nne. Siku ya tano niliuliza mara moja tu. Katika juma la tatu, usiku mmoja, nililala bila kuuliza, naye asubuhi aliniamkia kwa kunipa mkono kama mtu aliyefaulu mtihani.

Ndiyo maana nimeandika makala hii. Twadhani kuna njia mbili tu za kumtendea mwenzetu mwenye shida: kumcheka, au kumfanyia kila anachotaka. Bweni letu lilinicheka. Nilipewa jina la "Bwana Kufuli", na baadhi yenu mnalikumbuka. Jina lile lilinifanya niufiche ugonjwa, na kuuficha kuliuchelewesha. Rafiki yangu alinifanyia kila nilichotaka, na jambo hilo nalo liliulisha. Iko njia ya tatu, ambayo ni ngumu: kukaa karibu na mgonjwa, kumheshimu, na kukataa kuujibu ugonjwa wake. Hiyo yataka mapenzi kuliko zile mbili.

Basi wanafunzi wenzangu, mkimwona mtu anachelewa bombani kila asubuhi mpaka kengele inalia, na mikono yake imechubuka, msimpe jina. Mwambieni kwa siri kwamba ugonjwa huu una tiba, na mwende naye kwa mwalimu mnayemwamini. Ikiwa mtu amesema kwamba amechoka kuishi, msimwache peke yake hata dakika moja. Mwiteni mtu mzima mara moja. Na wewe unayesoma makala hii huku moyo ukidunda kwa sababu umejiona humu, usingoje kama nilivyongoja. Wazo baya lililokujia si tabia yako, wala si ungamo la siri ya moyo wako.

Nanyi kaka zetu mliomaliza, baadhi yenu mmekuwa waalimu, wauguzi, na wazazi. Mtoto anayefuta jibu lake mpaka karatasi inatoboka huenda si mvivu wala mkaidi. Mwulizeni kwanza kabla ya kumpiga. Na pengine wako miongoni mwenu waliobeba kijiwe hiki kiatuni kwa miaka thelathini, wakidhani ni msalaba wao tu. Hata kwao hakujapita wakati.

Mimi sijapona kabisa. Juma la mitihani likikaribia, ule mnong'ono hurudi, na usiku mwingine hulivuta kufuli mara moja zaidi ya ninavyoruhusiwa. Lakini nalala, nasoma, na mama yangu anavuka mpaka bila msaada wa kufuli langu. Makala hii niliiandika kwa siku tatu, na nilitaka kuisahihisha mara hamsini. Mhariri ameniruhusu kuisoma mara mbili tu, kisha akaichukua mkononi mwangu. Kwa hiyo mkiona kosa, nawaomba mnisamehe, na mliache lilivyo.